Mpira wa Mitoma: ulitoka, au haukutoka?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha tangu Kombe la Dunia la Qatar. Kila zinaporudiwa picha za Japani na Hispania, mimi husema mpira ule aliourudisha Mitoma ulikuwa umeshatoka, maana majani yalionekana kabisa kati ya mpira na chaki. Rafiki yangu anasema haukutoka, kwa sababu ungetoka saa ya refa ingemwambia. Mwenzetu wa tatu anasema yote ilikuwa mipango ya kuitoa Ujerumani. Kwa nini refa hakwenda hata kutazama skrini? Mimi na rafiki yangu tumewekeana kreti ya soda, kwa hiyo tunaomba jibu la mtu aliyewahi kushika filimbi.

JIBU: Ndugu yangu fundi, nianze kwa kukubaliana nawe katika jambo moja: ulichokiona ulikiona. Majani yale kati ya mpira na chaki hayakuwa ndoto. Nami niliyaona usiku ule, nikiwa nimekaa na vijana ninaowafundisha uamuzi, na zaidi ya nusu yao walinyoosha mikono kusema mpira umetoka. Tofauti yetu inaanzia kwenye swali la pili, ambalo vijiwe vyetu huwa haviliulizi: majani hayo yalionekana kutoka wapi?

Kwa faida ya wasomaji wengine, tukio lenyewe lilikuwa hivi. Tarehe 1 Desemba 2022, katika uwanja wa Khalifa nchini Qatar, Hispania ilitangulia kwa kichwa cha Álvaro Morata katika dakika ya 11, na Ritsu Doan akaisawazishia Japani katika dakika ya 48. Dakika tatu baadaye Doan huyohuyo alipitisha mpira wa chini mbele ya goli, ukawapita mabeki na washambuliaji, na ulipokuwa unakaribia kupotelea nje, Kaoru Mitoma akaufikia kwa mguu na kuurudisha ndani, Ao Tanaka akausukuma wavuni. Mwamuzi alikuwa Victor Gomes wa Afrika Kusini, yuleyule aliyechezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Senegali na Misri mwezi Februari mwaka huohuo. Ukaguzi wa video ulichukua zaidi ya dakika mbili, kisha goli likahesabiwa, na matokeo yakabaki 2 kwa 1 hadi mwisho.

Sheria inayotawala tukio hili ni ya 9, na ni fupi kuliko sheria nyingine nyingi za mchezo huu. Mpira huhesabiwa kuwa umetoka pale tu ambapo wote, mzima, umeuvuka mstari wa goli au mstari wa pembeni, uwe unabiringika chini au unapita hewani. Sheria haisemi kwamba mpira lazima uguse chaki ili uhesabiwe kuwa uko ndani. Tena mstari wenyewe ni sehemu ya uwanja, kwa hiyo mpaka wa kweli ni ukingo wa nje wa chaki, ule unaotazama wavu na mabango ya matangazo. Mpira ukibakiza kipande chembamba kama ukucha juu ya ukingo huo, mchezo unaendelea, hata kama sehemu iliyobaki yote inaelea nje.

Neno la kuzingatia hapo ni "juu ya". Watu wengi, wakiwamo wachezaji waliocheza ligi kubwa kwa miaka mingi, huhukumu mpira kwa pale unapogusa majani, kana kwamba mpira ni sahani iliyolazwa chini. Mpira ni tufe. Mzingo wake kwa mujibu wa sheria ni kati ya sentimita 68 na 70, maana yake kipenyo chake ni karibu sentimita 22, na kutoka katikati hadi ubavuni ni kama sentimita 11. Unagusa ardhi kwa nukta ndogo tu, kisha unavimba kuelekea pande zote, na sehemu yake pana kuliko zote iko sentimita 11 juu ya majani. Kwa hiyo nukta ile inayogusa majani inaweza kuwa sentimita 10 nje ya chaki, ukaona kijani kitupu baina ya viwili hivyo, na bado ubavu wa mpira ukawa umening'inia juu ya chaki kwa sentimita moja. Mpira huo uko ndani.

Jaribu jambo hili barazani kwako leo, kwa chungwa na uzi mweupe wa cherehani. Tandaza uzi juu ya meza, weka chungwa nje kidogo ya uzi, kiasi kwamba pale linapokalia hapagusi uzi, ila ubavu wake unaufunika. Sasa keti kwenye kiti cha kawaida upande wa pili wa meza na utazame kwa mshazari. Utaona nafasi kati ya chungwa na uzi, na ungekula kiapo kwamba limevuka. Kisha simama, inama mpaka jicho lako liwe wima juu ya uzi, utazame tena. Uzi umefichwa na ubavu wa chungwa.

Kamera kuu ya televisheni hukaa kwenye jukwaa, usawa wa katikati ya uwanja, na kamera nyingine nyingi ziko upande wa ndani wa mstari wa goli zikitazama kuelekea nje. Kamera yoyote iliyo upande huo itauonyesha mpira ukiwa nje zaidi ya ulivyo, na kamera iliyo nyuma ya goli itauonyesha ukiwa ndani zaidi ya ulivyo. Ukitaka hesabu, ninayo niliyoipiga ubaoni kwa ajili ya wanafunzi: kamera inayotazama kutoka ndani ya uwanja, ikiwa imeinama kwa digrii 30, katika zile sentimita 11 za ubavu unaoning'inia itakuonyesha takriban sentimita 3 tu. Nyingine 8 zinafichika katika mshazari, na mahali pake unaona majani. Majani unayoyatetea kijiweni, ndugu yangu, kwa sehemu kubwa yalikuwa chini ya mpira.

Nakuambia haya bila kukucheka, kwa sababu mimi mwenyewe yaliwahi kunikuta. Nikiwa mshika kibendera kijana katika ligi ya wilaya, kwenye uwanja ambao mistari ilichorwa kwa majivu, nilichelewa kukimbia na shambulizi, nikabaki nyuma kama hatua sita kutoka usawa wa goli. Mpira ulipigwa kutoka mstarini, ukarudi ndani, ukafungwa, nami nikainua kibendera kwa uhakika wote wa ujana, na goli likafutwa. Baada ya mchezo mzee mmoja muuza kahawa, aliyekuwa amekaa kwenye benchi lake karibu na kibendera cha kona tangu mwanzo, aliniita akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona dirisha likiwa wazi au limefungwa nikiwa nimesimama mbali pembeni yake. Yeye alikuwa usawa wa mstari; mimi sikuwa. Sikumjibu, na njia nzima ya kurudi nyumbani niliona haya.

Kwa Gomes na wasaidizi wake mambo hayakuwa rahisi zaidi. Katika mpangilio wa kawaida, mwamuzi msaidizi hukimbia upande wa winga wa kulia wa timu inayoshambulia, na mwamuzi wa kati huegemea upande wa kushoto. Mitoma aliufikia mpira upande wa kushoto wa goli, yaani ng'ambo kabisa ya msaidizi, na kati ya jicho la msaidizi na mpira palikuwa na nguzo mbili, wavu, kipa na miili ya wachezaji. Mwamuzi wa kati naye alikuwa ndani ya uwanja akitazama kwa mshazari uleule wa kamera zetu. Hakuna kati yao ambaye angeweza kuapa kwamba mpira wote umevuka au haujavuka, na hapo ndipo kazi ya chumba cha video inapoanza.

Waamuzi wa video walitumia kamera zilizowekwa usawa wa mstari wa goli, ambazo hazitazami kwa mshazari bali huufuata mstari wenyewe. Siku iliyofuata FIFA ilitoa maelezo pamoja na picha, ikasema kwamba kamera nyingine zinaweza kupotosha, na kwamba kwa ushahidi uliokuwapo mpira mzima haukuwa umetoka. Pia ilienea picha ya mpiga picha wa habari iliyopigwa kutoka juu, ambayo pengine umeiona kwenye simu, ikionyesha ubavu wa mpira ukiwa bado umening'inia juu ya chaki kwa kipande kidogo mno. Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi. Ulikuwa mwembamba, lakini wembamba si kosa. Sheria haikuweka nafasi ya "karibu kutoka".

Sasa nimgeukie rafiki yako, maana amefika mahali sahihi kwa njia isiyo yake. Ile saa inayotetema mkononi mwa mwamuzi haikuhusika kabisa na tukio hili. Teknolojia ya mstari wa goli huangalia jambo moja tu: kama mpira umeingia golini, kati ya nguzo mbili na chini ya mwamba. Haijali mpira unaopita mita chache pembeni ya nguzo, hata kama mstari ni uleule. Mitoma alikuwa nje ya nguzo, kwa hiyo saa ya Gomes isingetetema hata kama mpira ungekwenda kulala kwenye mabango.

Teknolojia hiyo ililetwa na kilio kingine cha mashabiki. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mwamba, ukadunda ndani ya goli la Ujerumani na kutoka tena, na mwamuzi Jorge Larrionda wa Uruguay akaacha mchezo uendelee. Uingereza ilikuwa nyuma 2 kwa 1 wakati ule, ikamaliza kwa kufungwa 4 kwa 1. Mpira ule ulikuwa umevuka kwa nafasi kubwa ambayo hata aliyekuwa jukwaa la mbali aliiona, na baada ya hapo wakubwa wa FIFA, waliokuwa wakiipinga teknolojia kwa miaka mingi, walilegea. Ilipitishwa mwaka 2012, na katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 ikaamua goli la Ufaransa dhidi ya Honduras, pale mpira wa Karim Benzema ulipogonga nguzo na kumbabatiza kipa Noel Valladares ukavuka mstari kidogo kabla hajauvuta. Nalitaja hili kwa sababu wengi waliozoea simulizi hizo mbili hudhani mstari wote wa mwisho una macho hayo. Macho yako golini tu.

Rafiki yako pia huenda alisikia habari za kifaa kilichokuwa ndani ya mpira wa Qatar. Ni kweli kilikuwapo, na kilituma taarifa mara 500 kwa sekunde, lakini kazi yake ilikuwa kuonyesha mpira umeguswa lini hasa, ili kusaidia kupima kuotea. Na kuotea hapa hakukuwa na nafasi: pasi inapotoka kwenye mstari wa goli, mwenzako hawezi kuwa karibu na mstari huo kuliko mpira.

Kuhusu skrini, swali lako ni zuri na linanifikia mara nyingi. Kwa taratibu zilizotumika Qatar, waamuzi wa video waliruhusiwa kuingilia mambo manne: goli, penati, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na adhabu iliyopewa mchezaji asiyehusika. Mpira unaotoka katikati ya mchezo na kuishia kwenye mpira wa kurusha haukuwa kazi yao. Lakini goli likishapatikana, wanarudi nyuma na kukagua shambulizi lililolizaa, na kama mpira ulitoka ndani ya shambulizi hilo, goli halipo. Ndiyo sababu tukio la Mitoma lilikaguliwa, na kama Tanaka angeupiga juu ya mwamba, leo hakuna hata mmoja wetu angekumbuka kama mpira ulitoka.

Baada ya hapo ukaguzi unagawanyika njia mbili. Kuna mambo ya kupima uzito: je, mguso ule ulitosha kuwa rafu, je, mkono ulikuwa mahali pa kawaida. Hayo yanahitaji hukumu ya mwamuzi wa kati, na kwa hayo ndiyo huitwa kwenda pembeni kutazama skrini. Na kuna mambo ya ndiyo au hapana: mchezaji ameotea au hakuotea, rafu ilikuwa ndani ya boksi au nje, mpira umetoka au haujatoka. Hayo kwa kawaida hutolewa majibu na chumba cha video moja kwa moja, kwa sababu macho ya mwamuzi hayaongezi chochote kwenye kipimo. Gomes angekwenda kwenye skrini angeoneshwa picha ileile ya kamera ya mstari na kusoma jibu lilelile, ila kwa dakika moja zaidi ya kuchelewa.

Na Ujerumani? Hapa naomba mwenzenu wa tatu achukue kalamu. Japani ilimaliza kundi E ikiwa na pointi 6, Hispania 4, Ujerumani 4 na Costa Rica 3. Hispania ikaizidi Ujerumani kwa tofauti ya magoli, hasa kwa sababu iliipiga Costa Rica 7 kwa 0. Ni kweli kwamba kama mchezo wa Japani na Hispania ungekwisha 1 kwa 1, Hispania ingekuwa na 5, Japani na Ujerumani 4 kila moja, na Ujerumani ingepita, kwa kuwa ilikuwa mbele kwa goli moja katika tofauti ya magoli huku Japani ikiwa haina kitu. Kwa hiyo goli lile liliirudisha Ujerumani nyumbani, hilo silikatai. Lakini Ujerumani hiyohiyo ilikuwa imefungwa 2 kwa 1 na Japani katika mchezo wa kwanza, baada ya kuongoza kwa penati, na hapo hapakuwa na chaki ya kulaumu. Zaidi ya hayo, mtu anayepanga njama akiwa na mashindano yanayoishi kwa fedha za televisheni, asingeanza kwa kulifukuza taifa lenye watazamaji wengi kama Ujerumani, tena kwa kutegemea mguu wa Mitoma ufike kwa wakati. (Na sisi Waafrika tusisahau kilichofuata: Hispania iliyoshika nafasi ya pili ndiyo iliyokutana na Moroko tarehe 6 Desemba na kutolewa kwa mikwaju ya penati. Bila goli la Tanaka, Moroko ingekutana na Ujerumani.)

Mahali ambapo ninaungana na walalamikaji ni kwenye ukimya. Watu waliokuwa uwanjani, na mamilioni waliokaa mbele ya televisheni, walioneshwa picha za mshazari tena na tena, kila moja ikithibitisha kosa, huku picha moja iliyokuwa na jibu ikibaki chumbani. Maelezo yalikuja siku ya pili, wakati mashabiki wa Ujerumani walikuwa wameshapanga mabegi na vijiwe vyote kuanzia Tanga hadi Tokyo vilikuwa vimeshahukumu. Ukimwonyesha mtu picha inayomdanganya kwa dakika mbili, kisha ukampa uamuzi unaopingana nayo bila neno, huna haki ya kushangaa akisema ameibiwa. Hatua ilipigwa baadaye: katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023, Australia na New Zealand, waamuzi walitangaza kwa kipaza sauti uamuzi uliotokana na ukaguzi wa video, na sababu yake kwa kifupi. Mimi ningeongeza sharti moja, kwamba picha iliyotumika kuamua ioneshwe hapohapo, kabla mpira haujaanzishwa katikati.

Tumalizie kreti ya soda. Ulisema mpira ulitoka, na haukutoka. Kwa hiyo dau umelipoteza. Lakini rafiki yako aliweka dau lake juu ya saa ambayo haikuwa ikitazama upande ule, na kama mwalimu wake ningempa alama ya jibu na kumnyima alama ya kazi. Mlipie nusu kreti. Nusu ya pili mpe baada ya kukaa naye mezani na chungwa na uzi, akakueleza mwenyewe, bila kutaja saa, kwa nini ulishindwa.